Jicho la Chombo Lililoziba



Mama zangu na dada zangu, nilikuahidini kwamba wiki hii tungemaliza mazungumzo yetu kuhusu kuwazoeza watoto kuweka akiba. Nawataka radhi, yatangoja. Kuna kitu kimekaa juu ya meza yangu ya chakula hapa Namanga tangu kabla ya Ramadhani, kimetuzuia hata kutandika kitambaa, na nyinyi mlio na waume, wana na ndugu baharini mna haki ya kusikia habari zake kabla chombo kingine hakijapwelewa na watu ndani.

Kitu chenyewe ni kipima-kina, kile chombo kinachomwonyesha nahodha umbali uliopo kutoka chini ya mashua yake mpaka mchangani. Mtauliza, Namanga na bahari wapi na wapi? Hapa kwetu kuna mlima Ol Doinyo Orok, malori yanayongoja kuvuka kwenda Arusha, na mto ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Lakini mume wangu ni fundi wa redio na pampu za visima, na mdogo wangu wa kiume ana mashua kule Vanga, na mtu mwenye shemeji fundi haoni umbali wa safari.

Nianze na yaliyotokea. Ilikuwa mwezi 16 Shaabani, asubuhi baada ya usiku wa mbalamwezi pevu, na familia yetu ilikuwa ikipeleka msafara wa harusi kutoka Vanga kwenda Wasini. Ndani ya mashua walikuwamo watu kumi na wanne, wengi wao wanawake na watoto, pamoja na masanduku ya bibi harusi. Mama yetu alikaa tezi, mahali pake pa siku zote. Upepo wa kaskazi ulikuwa unavuma usoni, kwa hiyo tanga lilikunjwa na foromali ikateremshwa, wakaenda kwa mashine ya petroli iliyofungwa nyuma.

Mnaojua mambo ya mwezi mmekwisha kuona penye hatari. Siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu ni siku za bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3. Tena katika siku hizo maji hujaa nyakati za alfajiri na alasiri, na hutoka mpaka mwisho wake karibu na saa nne au saa tano za asubuhi. Msafara uliong'oa nanga saa mbili ulikuwa unakimbizana na maji yanayokwenda zake. Marehemu Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, asingeondoka saa hiyo. Au angeondoka na baharia amesimama omo, bildi mkononi, akipiga na kuita pima kwa sauti.

Mdogo wangu hakuweka mtu omo. Alikuwa na kipima-kina alichokinunua kikiwa kimetumika, cha mtindo wa zamani, chenye uso wa duara kama saa ya ukutani na taa ndogo inayozunguka ndani. Taa ilimwonyesha futi 30, yaani pima tano. Mashua yake huzama futi 3 tu. Alipofika mbele ya midomo ya mto Umba, mahali ambapo mafungu ya mchanga na tope huhama kila masika, taa ilikuwa bado iko kwenye 30 pale mkuku ulipoingia mchangani. Ilikuwa saa tatu u nusu. Maji yaliendelea kutoka, mashua ikalala ubavu, watoto wakalia, sanduku moja likatumbukia ngamani. Hawakuelea tena hadi karibu na adhuhuri. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Lakini Mama alishuka Wasini hajasema neno, na jioni alipopata nafasi alimwambia mwanawe kwamba hatatia mguu tena katika chombo hicho mpaka ajulishwe kwa nini kilisema uongo.

Hapo ndipo safari ya kwangu ilipoanza. Kisanduku pamoja na jicho lake na waya wake wote vilifungwa ndani ya gunia, vikatoka Vanga, vikavuka Horohoro, vikapanda basi Tanga, vikapita Moshi na Arusha, vikaingia Kenya tena kwa mlango wa Namanga. Kitu kilitoka Kenya kuja Kenya kwa kupitia nchi ya jirani! Katika kituo cha pamoja cha mpakani, kile kilichofunguliwa rasmi na marais wetu wawili Desemba 2018, afisa mmoja kijana alikitazama akauliza kama ni redio au ni saa. Tukamwambia ni sikio la mashua. Alicheka, akataka kuelezwa zaidi, na nyuma yetu foleni ikazidi kurefuka.

Nami nakuelezeni kama alivyoelezwa yeye, kwa sababu asiyejua kitu kinavyofanya kazi hawezi kujua kimeharibikia wapi. Mtu akisimama mbele ya mlima wetu akapiga ukelele, hungoja kidogo, kisha sauti yake humrudia. Akijua mwendo wa sauti, kule kungoja kwake kutamwambia mlima uko mbali kiasi gani. Kipima-kina hufanya vivyo hivyo majini. Sehemu inayopiga ukelele na kusikiliza ni ile tuliyozoea nyumbani kuiita jicho, kidude cha duara kinachofungwa chini ya maji ubavuni mwa mkuku. Ndani yake mna kipande kinachotikisika kikipewa umeme, na kinachotoa umeme kikitikiswa. Tabia hiyo ya baadhi ya fuwele iligunduliwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880. Baada ya meli ya Titanic kugonga barafu na kuzama mwaka 1912, wataalamu wa nchi mbalimbali walihangaika kutafuta njia ya kusikia kilichojificha mbele au chini ya chombo. Mfaransa mwingine, Paul Langevin, akaitumia fuwele hiyo kupeleka mlio majini wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Kisanduku cha mdogo wangu ni mjukuu wa kazi hiyo.

Sauti katika maji ya bahari huenda karibu mita 1,500 kila sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Penye pima kumi, yaani futi 60, mlio huenda na kurudi kwa muda wa sehemu moja ya 40 ya sekunde. Basi waliotengeneza vipimo hivi vya kale waliweka kijiti chenye taa kinachozunguka kama mara 40 kwa sekunde. Taa huwaka juu kabisa, kwenye sifuri, mlio unapotoka, na huwaka tena mlio unaporudi. Mahali inapowaka mara ya pili ndipo penye kina. Hamna hesabu nyingine ndani yake. Ndiyo maana penye kina cha futi 70 chombo hicho kinaweza kuonyesha 10, kwa kuwa kijiti kimekwisha kumaliza mzunguko mmoja na kuanza wa pili. Baharia asiyejua hilo ataogopa fungu lisilokuwapo, na hofu hiyo ina nafuu kuliko kinyume chake.

Baba watoto alianza alipoanza kila siku, kwenye umeme unaoingia. Nilikuwa nadhani angefungua mashine yote na kuitandaza mezani. Aliniambia kwamba katika vyombo vya zamani vya aina hii, mara nyingi ubongo huwa mzima na ugonjwa uko kwenye viungo. Akafungua kishikio cha fyuzi, akakuta mtu amezungusha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ndugu yangu anavuta. Nikasema havuti. Akasema basi aliyemuuzia anavuta.

Waya wa umeme ulikuwa umeota kutu ya kijani ndani ya ganda lake, kiasi cha shibiri moja kutoka mwisho. Maji ya chumvi hupanda ndani ya waya kama mafuta katika utambi, na macho hayaoni kwa sababu ganda la nje ni zima. Aliukata mpaka alipokuta shaba inayong'aa. Kisha akanipa somo ambalo nakupeni nanyi. Betri ipimwe chombo kikiwa kinafanya kazi, si kikiwa kimelala. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti 12 na ushei ikiwa haina mzigo, kisha ikaanguka mara tu swichi inapowashwa. Volti zikipungua sana, kijiti hukosa mwendo wake wa kawaida na kina kinachosomwa hakiwi cha kweli.

Kuhusu vichwa vya betri vilivyoota ungaunga, hapa nilikuwa na la kuchangia. Magadi yale yale tunayotia kwenye kunde ili ziive upesi, ambayo huchimbwa katika Ziwa Magadi humu humu Kajiado, yakitiwa katika maji ya moto kidogo huua ile tindikali na kuondoa ungaunga wote. Pigeni mswaki, suuzeni, kausheni, pakeni mafuta mazito. Angalizo moja tu, maji hayo ya magadi yasiingie ndani ya betri hata tone, kwani yataua na tindikali inayotakiwa.

Baada ya hapo akakiwasha. Kijiti kikazunguka kwa sauti ya nyuki, na taa ya sifuri ikawaka juu. Hiyo ilikuwa habari njema, kwa maana ilionyesha kuwa kisanduku kinapeleka mlio. Lakini mlio ulifika kwenye jicho? Akalikaribisha jicho sikioni, nami nikalisikiliza baada yake. Jicho zima hutoa mlio mdogo wa tik-tik-tik hata likiwa hewani. Hili lilitoa mlio hafifu mno, kama saa iliyofunikwa na mto.

Akaliweka ndani ya pipa la maji. Hakikuonekana kitu. Mtu mwingine angekata shauri hapo kwamba jicho limekufa, na nadhani vipima-kina vingi vizima vimetupwa kwa ajili ya pipa. Kina cha pipa ni kama futi 3, nayo taa ya sifuri ina upana wake. Mwangwi wa karibu kiasi hicho humezwa na ile taa ya mwanzo, hauonekani kamwe.

Alikuwa amelishika jicho anaugeuza uso wake chini ya taa ya meza. Ulikuwa na ganda la rangi ya kijivu, gumu, unene wa sarafu mbili. "Nani aliyelipaka saruji?" akauliza.

Mume wangu amezaliwa Moshi. Ni mcha Mungu, ni fundi mwema, na hajapata kukaa katika mashua zaidi ya nusu saa. Nililichukua jicho mkononi mwake, na kabla halijafika usoni pangu nilikuwa nimerudi utotoni, ufukweni Vanga, Baba na wenzake wameipandisha jahazi kwenye magogo, sisi watoto tumefukuzwa tusichafue nguo. Harufu ile haina nyingine. Haikuwa saruji. Ilikuwa deheni, chokaa iliyopondwa pamoja na mafuta, ambayo hupakwa chini ya chombo ili wadudu wasiutoboe ubao na majani yasiote, na juu yake palikuwa na harufu ya sifa, mafuta ya papa.

Nikampigia simu mdogo wangu. "Mlipoipandisha mashua mwezi wa Rajabu, mlipaka deheni?"

"Tulipaka, dada. Chini kote."

"Na jicho?"

Kimya kikawa kirefu. Akasema vijana walipaka kila kilichokuwa chini, wala hakuna aliyewaambia wasipake.

Deheni ni kinga nzuri ya ubao, na sisemi iachwe. Ila imejaa vitundu vidogo vya hewa, na hewa ni ukuta kwa mlio wa majini. Ndiyo sababu ile ile inayofanya jicho lisiweze kusikia kupitia ubao wa mashua na kulazimika kuguswa na maji yenyewe, na ndiyo sababu likiwekwa karibu na rafadha, penye povu, hupofuka kila mashine inapoongezwa kasi. Konokono wa baharini na majani wakiotea juu yake hufanya hivyo hivyo. Tuliloweka jicho katika maji ya vuguvugu yenye sabuni usiku kucha, kisha nikalikwangua kwa ncha ya mwiko wa mti, polepole. Baba watoto alikataza kisu, kwa kuwa mkwaruzo mkubwa usoni mwa jicho ni dosari isiyofutika, akakataza na petroli, maana huweza kuulainisha uso wa plastiki. Mwisho akalipitishia msasa laini kabisa, mara mbili tatu tu.

Jirani yetu ana birika la chini ya ardhi la kuvunia maji ya mvua, nalo lilikuwa limejaa. Tulimwomba ruhusa. Yeye akauliza kwanza kama kitu hicho ni tohara, kwa maana ni maji ya kupikia na ya udhu. Nilimweleza yaliyokuwa yamepakwa, akakiona kilivyosafishwa, akaridhika. Watoto wa chuo walikuwa wametoka darasani, wakasimama pembeni na juzuu zao kifuani. Mimi nilifunga kufuli kubwa kwenye kamba, nikaitia mafundo kila pima, nikalitumbukiza. Kufuli lilifika chini kwa pima moja na nusu na futi moja zaidi, yaani futi 10. Kisha jicho likaingizwa majini likitazama chini, swichi ikawashwa, na taa ya pili ikawaka kwenye 10. Akaligeuza jicho litazame ukuta wa mbali wa birika, taa ikahama ikasimama kwenye 20. Tulipoupima urefu kwa hatua tukakuta ni mita 6, ambazo ni futi 20 kasoro kidogo tu. Watoto walipiga takbiri.

Usiku ule nilidhani mambo yamekwisha. Baba watoto hakuridhika. Alikaa na kikombe chake cha chai, akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: kama jicho lilikuwa limezibwa na deheni tangu Rajabu, basi zile futi 30 siku ya harusi zilitoka wapi? Kiziwi hawezi kusikia kidogo, akasema. Angekaa kimya. Huyu alisikia kitu.

Tukarudi kwenye simu, safari hii tukamwuliza mdogo wangu hatua kwa hatua. Kuna kitasa upande wa chini wa kisanduku, cha kuongeza nguvu ya kusikia. Siku ile kilikuwa wapi? Alikizungusha mpaka mwisho, akasema, kwa sababu tangu mwezi uliopita taa ilikuwa hafifu na bila hivyo haionekani. Je, waya wa jicho umepitishwa wapi? Umefungwa pamoja na nyaya za mashine, kwa unadhifu. Nami nikauliza la mwisho, ambalo nilipaswa kuliuliza mwanzo. "Ukienda kwa tanga tupu, mashine imezimwa, huona taa ngapi?"

Akafikiri. "Moja tu. Ile ya juu."

Hapo Baba watoto akaweka kikombe chini.

Mashine ya petroli hupiga cheche katika plagi zake, na kila cheche hutoa kelele ya umeme ambayo waya ulio karibu huipokea. Jicho likiwa safi na kitasa kikiwa kwa kiasi, kelele hiyo hainyanyui kichwa mbele ya mwangwi wa kweli. Lakini jicho lilikuwa limeziba. Mwenyewe akaongeza nguvu ili aone chochote, na alichokiona ni cheche za mashine yake mwenyewe. Zilitawanyika huku na huku katika uso wa duara, anakiri sasa, ila moja ilipenda kukaa karibu na 30, na kwa kuwa 30 ilikuwa habari aliyoitaka, akaiamini. Makosa mawili, kila moja lilikuwa linalificha jingine. Kama jicho lingeziba bila kelele, asingeona taa ya kina, naye angemweka mtu omo. Kama kelele ingekuwapo bila jicho kuziba, taa ya kweli ingeonekana ikipanda kadiri kina kilivyopungua.

Sikuweza kumlaumu sana. Kila mmoja wetu amewahi kukipandisha sauti kitu kisichosikika, akafurahia kelele. Lakini alikuwa amebeba watu kumi na wanne, na mmoja wao ni mama yangu, na hilo nilimwambia bila kulizungusha.

Kipima-kina kimerudi Vanga katika mfungo mosi na maagizo yaliyoandikwa kwa mkono. Waya wa jicho upite upande wa pili wa mashua, mbali na nyaya za mashine, na usikatwe kwa ajili ya kuufupisha. Ukizidi uzungushwe na kuhifadhiwa, kwani kiungo kibaya katika waya ule hula mwangwi. Kisanduku kipate waya wake wenyewe moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi ya kweli. Plagi za mashine zibadilishwe kwa zile zenye kizuizi ndani, ambazo huandikwa herufi R katika namba zao na hupunguza kelele. Kitasa kianze chini kipandishwe mpaka mwangwi uonekane, kisha kiachwe hapo. Vijana waonyeshwe jicho kabla ya ndoo ya deheni kufunguliwa. Tena ikumbukwe kwamba jicho hupima kuanzia pale lilipo lenyewe. Katika mashua ile mkuku uko futi moja chini yake, kwa hiyo taa ikisema 4, chini ya mkuku zimebaki 3.

Maagizo ya mwisho hayakuwa ya fundi, yalitoka kwa Mama. Alivuta kutoka uvunguni bildi ya marehemu, risasi nzito yenye shimo chini, akamkabidhi mwanawe pamoja na kipande cha shahamu. Wasiopata kuiona, shahamu hujazwa katika lile shimo, na bildi ikifika chini hurudi na habari: mchanga ukinata ni mchanga, tope ni tope, na ikirudi safi ni mwamba. Kisanduku hakisemi hayo. Tena katika tope laini kama lile la midomo ya Umba, mlio huzama na kurudi dhaifu, wakati mwingine hauonekani kabisa hata jicho likiwa safi.

Wiki iliyopita, siku za maji mafu, mdogo wangu alikwenda peke yake na baharia mmoja kulinganisha. Walisimama mahali saba kati ya Vanga na Wasini, mashine imewashwa, kisha imezimwa, wakapiga bildi na kusoma taa. Mahali sita vilikubaliana, tofauti haikufika futi moja. Mahali pa saba, mbele ya mto, bildi ilisema pima moja na nusu na ikarudi na tope jeusi, na taa haikuonyesha kitu isipokuwa sifuri. Amepatia alama kwa chaki juu ya ubao wa tezi.

Nilimsomea Mama matokeo yote kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mahali hapo pa saba ndipo walipopwelewa. Nikamwambia ndipo. Amekubali kupanda tena baada ya bamvua ijayo kupita, kwenda kumtazama mjukuu wake Wasini, kwa sharti kwamba kamba ya bildi itakuwa mapajani mwake.